Kisichopigwa Muhuri

Mara ya kwanza kukutana na Katibu nilikutana na mkono wake tu.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu mkuu alinipa funguo nikaangalie sanduku la barua la shule, pale posta ya Musoma mjini, kazi ambayo alinipa ili apumzike nisiwepo darasani. Nikafungua kale kamlango ka bati, nikachungulia, na badala ya barua nikaona mkono wa mtu mzima unakuja kutoka upande wa pili wa ukuta, umeshika bahasha ya kaki. Una saa ya mishale, shati limefungwa kifungo hadi kwenye kifundo cha mkono. Mtoto mwenye adabu angesubiri bahasha. Mimi niliudaka ule mkono, nikautikisa kama wakubwa wanavyopokeana uwanja wa ndege, nikasema, "Shikamoo, mkono."

Mkono ukatulia. Haukujivuta hata kidogo. Halafu sauti ya besi ikatoka ndani ya ukuta:

"Marahaba. Mtoto wa sanduku gani?"

"La shule."

"Mwambie mwalimu mkuu bawaba za sanduku lake zinalia kama mbuzi, alete mafuta. Na wewe vidole vyako vina wino. Kanawe."

Nikarudi shule nimechanganyikiwa. Sijawahi kupona tangu siku ile.

Jina analo. Nimeliona limeandikwa mahali. Lakini alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi wa posta kwa muda mrefu mno, mpaka cheo kikamla jina. Mke wake anamwita Katibu. Mchungaji anamwita Katibu hata wakati wa Meza ya Bwana. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, muulizeni yeye. Mimi nilipohamia mtaa wa Kigera na Mama baadaye, nilimkuta jirani yetu tayari ameshazeeka, na suruali zenye mikunjo ya pasi ambayo ungeweza kukatia mkate.

Watu aliwajua kwa masanduku yao. Ukimtajia mtu, anafumba macho kidogo, halafu anasema, "Aa, yule wa kona ya chini, kufuli limebadilishwa." Mwenye sanduku lililojaa, asiyekuja kuchukua barua zake, kwake hakuwa mtu wa kuaminiwa hata kupewa kamati ya harusi. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mama mmoja anayeuza sato sokoni:

"Mama, sanduku lako lina mimba ya miezi tisa. Njoo uzalishe."

"Katibu! Kuna watu hapa!"

"Ndiyo maana nasema mbele yao. Wakusaidie kubeba."

Na yeye mwenyewe hakuwa na sanduku. Nilipomuuliza kwa nini, aliniangalia kama nimeuliza kwa nini samaki hanunui maji. "Daktari anajipasuaga mwenyewe?"

Alikuwa katibu wa chama, na alichukia vikao. "Kikao ni gunia lisilo na anwani," alisemaga, kisha anaitisha kikao. Aliwahubiria vijana waandike barua kwa mkono, lakini yeye alikuwa anatuma ujumbe wa sauti kwenye simu, mrefu kama ibada, unaoanza na "Yah" na kuishia "Wako mtiifu". Kanisani aliimba besi huku amelala. Sijui niseme vipi vingine. Macho yamefumba, kichwa kimeinama, na ile sauti inatoka mahali pake sawasawa. Kwaya ikimaliza anaendelea kulala bila sauti. Hakuogopa mkaguzi, hakuogopa bosi kutoka makao makuu, lakini aliogopa bata mzinga wetu. Akija kwetu lazima kwanza aite kutoka kwenye ua wa minyaa: "Bhoke! Yule bwana yuko wapi?"

Bhoke ni mimi. Nilikuwaga namuigiza, kila mtu Kigera anajua. Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba nikiwahutubia wenzangu kwa sauti yake, tumbo nimelitoa mbele. Nikajua leo nimekwisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Besi iko chini zaidi hapo," akaenda zake.

Sasa niwaambie kuhusu muhuri, maana bila muhuri hamtamwelewa. Na mkimwelewa mnipigie simu mnieleze na mimi.

Muhuri wa posta ni kichuma kidogo chenye mpini wa mbao, kina jina la ofisi, na tarehe inayobadilishwa kila asubuhi. Ofisi ndogo kama Bunda zina mmoja, upo kaunta, kila mtu anautumia. Lakini Musoma kila dawati lina wake, unafungiwa kwenye droo, na kila mmoja una kilema chake. Wa dawati la vifurushi umemeguka ukingoni. Wa kaunta ya stempu una herufi moja iliyoziba kwa wino. Wafanyakazi wanaitambua mihuri yao kama mchungaji anavyotambua ng'ombe wake kwa mabaka. Wa Katibu ulikuwa mzima, hauna kilema, lakini ulijulikana kuliko yote kwa sababu ulikuwa umenyooka. Siku zote. Bahasha ipinde, meza ichechemee, muhuri wa Katibu umenyooka kama mstari wa rula.

"Kisichopigwa muhuri hakijaondoka." Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Alilisema kwa barua, lakini alilitumia popote. Wagombea wakipita na ahadi za barabara, anasikiliza kwa heshima, anapiga makofi, kisha anatuambia, "Hakijaondoka hicho." Kijana mmoja wa Bunda alikuja kumposa binti yake, ameleta maneno matamu na shangazi mwenye maneno matamu zaidi. Katibu akamwambia, "Baba, umeandika vizuri. Bado muhuri." Ng'ombe walipoingia uani ndipo akasema kimeondoka.

Na kupiga muhuri ni ugonjwa. Hakuna mfanyakazi wa posta anayeweza kuona karatasi iliyokunjwa vizuri akaiacha salama. Mkono unakwenda wenyewe. Nimeona ratiba ya kwaya ina muhuri wa posta. Nimeona kadi ya mchango wa harusi ina muhuri wa posta. Mama alileta chapati nyumbani zimefungwa kwenye gazeti, na gazeti lile lilikuwa limepokelewa rasmi na dawati la vifurushi.

Mama yangu anafanya kazi hapohapo, kwa mkataba. Mkataba ukiisha unaongezwa, ukiongezwa unaisha. Anayeuza stempu akienda likizo, Mama anauza stempu. Wa vifurushi akiugua, Mama yuko kwenye vifurushi. Alfajiri anachambua barua. Yaani anafanya kazi ya madawati yote na hana dawati, na kwa sababu hana dawati, hana muhuri. Akimaliza kumhudumia mtu lazima amwite mwenye droo aje amgongee. Nilikuwa namtania: "Mama, wewe ni kama refa asiye na filimbi." Alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka, nikaacha.

Ndipo yakashuka yale makubaliano ya mshahara.

Viongozi wa chama walikaa na waajiri huko makao makuu, wakatia saini, halafu wakayatuma kwa matawi: mkubali au mkatae. Wafanyakazi wa kudumu waliwekewa nyongeza nzuri, ya kweli, ya kumfanya mtu asimame akae tena. Wa mkataba waliwekewa mstari mmoja: watafikiriwa awamu ya pili. Awamu ya pili ni lini? Hapo karatasi ilikuwa imefika mwisho.

Shida ikawa Katibu. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka uleule, na mafao yanapigiwa hesabu kwa mshahara wa mwisho. Tawi likikubali, mzee anaondoka na mafao ya maana. Likikataa, watu wanarudi mezani, wanabishana, mwaka unaisha, na yeye anaondoka na mafao ya mshahara wa zamani. Kwa Mama ilikuwa kinyume: tawi likikubali, amebaki nje ya mlango na mlango umefungwa vizuri. Nyumba mbili, ua mmoja wa minyaa katikati, na karatasi moja inayopandisha huku ikishusha kule. Hata mimi, ambaye alama zangu za hesabu zinawachangamsha wenzangu kila mwisho wa muhula, niliielewa.

Yeye ndiye sikumwelewa.

Kikao kilifanyika kwetu, Jumapili baada ya ibada, kwa sababu kwa Katibu mke wake alikuwa ameanika udaga wa muhogo uwanja mzima. Walikuja wa Musoma, walikuja wa Bunda, akaja Dereva wa gari la barua, ambaye huondoka asubuhi kupitia Kiabakari, anakunja kwenda Butiama, anarudi barabarani mpaka Bunda, na akishika stori hashuki. Akaja pia Dada wa Butiama. Huyo yuko peke yake kwenye ofisi yake: ndiye bosi, ndiye karani, ndiye mfagiaji, na akichelewa anajikaripia.

Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango, nachambua karanga na maneno yao.

"Mimi nakubali," Dereva akaanza. "Nyongeza ni nyongeza. Ng'ombe hazuiliwi kunywa maji eti ndama amechelewa nyuma."

"Na ndama ni nani sasa?" akauliza kijana mmoja wa ofisi ya Bunda. "Si ndiyo sisi wa mkataba? Sema tu."

"Sijasema."

"Umesema kwa ng'ombe."

Dada wa Butiama akasimama, akajifunga kitenge upya. "Mimi hapana. Hapana kabisa! Tutawatazamaje wenzetu usoni? Nakataa kwa mikono miwili."

Wa Bunda wakampigia makofi. Dereva akamgeukia Katibu. "Mzee, wewe unasemaje?"

Katibu akasimama polepole, akaangalia kwanza bata mzinga alipo. "Kama katibu, naleta neno la viongozi. Wanasema mkubali."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi hamjaniita. Mmemwita katibu."

Watu wakatazamana. Ikabidi nisaidie. "Basi Katibu atoke nje, aingie yule mwingine!"

"Bhoke!" Mama akafoka.

"Mwache," Katibu akasema. "Yule mwingine yuko nyumbani anageuza udaga."

Wakacheka, lakini kicheko kilikufa haraka, kwa sababu wakati wa kunyoosha mikono ulifika na hakuna mkono ulionyooka. Fikiria mwenyewe. Unyooshe wa kukataa, unamnyang'anya mzee mafao yake huku anakutazama. Unyooshe wa kukubali, unamkanyaga Mama uani kwake, huku kikombe cha chai yake kiko mkononi. Watu wazima wakaanza kutafuta vitu ardhini. Mtu mmoja alifunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

"Si mpige kura ya siri?" nikasema. "Sisi hata kiranja tunamchagua kwa siri, na ni mtu wa kupiga kengele tu."

Kisha Katibu akasema, "Mtoto ameleta hoja." Wakapanga: kila mwanachama aandike Ndiyo au Hapana kwenye karatasi, aikunje, aibandike gundi, bila jina, bila alama yoyote. Dereva atazikusanya na barua nyingine, na Jumapili ijayo zifunguliwe hapahapa.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na sisi wa mkataba tunapiga?"

"Mwanachama ni mwanachama," Katibu akajibu, bila hata kumaliza kumeza chai.

Wiki hiyo nilijaribu kupeleleza. Nilimwambia Mama, "Wewe ni Hapana, hiyo iko wazi." Akaniambia kura ni siri, nimenye viazi. Nikamfuata Katibu kwenye minyaa, anakata matawi yaliyozidi kwa kisu cha kufungulia bahasha.

"Katibu, hutaki pesa?"

"Nani asiyetaka pesa?"

"Kwa hiyo ni Ndiyo."

"Nani kasema?"

"Basi Hapana."

"Bhoke, mwanangu, barua ikiwa gunini huiulizagi inakwenda wapi. Unaisubiri."

Nikaenda kulala na kichwa kinaniuma.

Jumapili ikafika. Gunia la barua likawekwa barazani kwetu tangu asubuhi, wao wakaenda kanisani, na baada ya ibada watu wakajaa. Katibu akamwaga karatasi kwenye mkeka. Akaokota ya kwanza, akaigeuza nyuma, akasimama hivyo kama mtu aliyeona nyoka akawa hana hakika kama ni kamba. Akaokota ya pili. Ya tatu. Mimi nikainama nikaona, na nikaanza kucheka mpaka nikashika ukuta.

"Mmezipiga mihuri! Kura za siri, mmezipiga mihuri!"

Zote. Kila karatasi niliyoiona, nyuma, pale ilipobandikwa gundi, muhuri wa ofisi na tarehe. Hakuna aliyekusudia. Walikunja, wakabandika, na mkono ukaenda wenyewe. Hata Dereva, asiye na dawati, alikuwa ameigonga yake kaunta ya Bunda alipopita. Kwa sekunde chache waliona aibu tu. Kisha wakakumbuka kwamba kila mmoja wao anaijua mihuri yote kwa vilema vyake, na nikaona nyuso zinabadilika moja moja.

Katibu akafungua ya kwanza, akasoma kwa sauti ileile ya kanisani. "Ndiyo."

"Huo muhuri ni wa Butiama!" kijana wa Bunda akaruka. "Butiama si yuko mmoja tu?"

Dada wa Butiama akajifunika kitenge uso mzima. "Jamani mkono wenyewe..."

"Si ulisema hapana kabisa? Kwa mikono miwili?"

"Nilisema kwa mdomo," sauti ikatoka ndani ya kitenge.

Katibu hakucheka wala hakukaripia. Aliendelea kufungua na kuweka mafungu mawili, haraka, bila kutazama alipoweka, kama anavyochambua barua. Muhuri uliomeguka: Hapana. Wenye herufi iliyoziba: Ndiyo. Wa Bunda, wa Bunda, wa Bunda: Hapana, Hapana, Ndiyo, na wa Bunda wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Halafu akashika karatasi ambayo muhuri wake ulikuwa umenyooka kama wa rula. Uwanja mzima uliutambua kabla hajaifungua. Akaifungua.

"Hapana," akasoma, akaiweka kwenye fungu lake.

"Mzee wangu," Dereva akasema taratibu. "Si ulituambia tukubali?"

"Katibu ndiye aliyewaambia."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika birika, anaangalia chini.

Ikabaki karatasi moja. Mafungu yalikuwa yamelingana. Wameyahesabu na kuyahesabu tena, yamelingana. Katibu akafungua ile ya mwisho.

"Ndiyo."

"Imepita!" Dereva akaruka na kiti. "Imepita, jamani!"

Katibu akaigeuza nyuma. Safi. Nyeupe. Hakuna kitu. "Haina muhuri," akasema.

"Sasa si ndiyo iliyofuata sheria? Tulisema bila alama! Hiyo ndiyo kura halali peke yake hapa!"

"Tutajuaje imetoka kwetu?" kijana wa Bunda akasimama naye. "Gunia limelala hapa barazani tangu asubuhi, watu wako kanisani. Hata huyu mtoto anaweza kuitumbukiza. Si mnamjua?"

Wakanigeukia wote. Na wananijua kweli. Ni mimi niliyemwandikia mwalimu wa nidhamu barua ya mapenzi kutoka kwa mwalimu wa nidhamu. Ni mimi niliyemvalisha bata mzinga tai. Siku hiyo sikuwa na hatia, lakini sikuwa na uso wa kutokuwa na hatia, sikuwahi kuuhitaji. Nikafungua mdomo, nikatabasamu kwa woga, na lile tabasamu likanimaliza kabisa.

Mama akaweka birika chini.

"Mwacheni mtoto. Hiyo ni yangu. Mimi ndiye sina muhuri."

Dada wa Butiama akatoa uso kwenye kitenge. "Mama Bhoke? Wewe wa mkataba, umeandika Ndiyo?"

"Mzee anaondoka mwaka huu," Mama akasema. "Mimi nimeshazoea kusubiri. Nilitaka mtu mmoja aondoke na kitu mkononi."

Sasa ilikuwa imejulikana ni ya nani. Ikihesabiwa, makubaliano yamepita, na mzee ana mafao yake, amepewa na yule ambaye angeumia. Wote tukamtazama Katibu. Akaishika ile karatasi muda mrefu, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Kisha akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akaitia mfukoni mwa shati.

"Kisichopigwa muhuri hakijaondoka," akasema. "Kura zimelingana. Kukubali kunataka zaidi ya nusu. Tawi limekataa."

"Nimesema ni yangu!"

"Nimesikia, Mama Bhoke."

"Kwa hiyo kura yangu si kura? Makao makuu wananiambia nisubiri nje, na wewe nawe unaniambia hivyohivyo, hapa kwangu?"

"Ndiyo maana tumekataa. Ili usisubiri."

"Hamjakataa ninyi. Umekataa wewe. Na mimi umeniziba mdomo ili unitetee."

Katibu akaugusa mfuko wa shati. Akachukua kofia yake, akaondoka. Alipita karibu kabisa na bata mzinga bila kumwona. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mazito.

Nimelifikiria jambo hili kwenye vipindi vyote ambavyo nilipaswa kufikiria kitu kingine. Mama alitaka kumpa Katibu mafao. Katibu akayatupa kwa ajili ya Mama. Na ili ayatupe ikabidi amfute Mama. Nani amekosa? Nilimuuliza Dereva. Akasema, "Wote wamekosa na wote ni watu wazuri. Ndiyo maana mimi naendeshaga gari tu."

Tangu siku ile Mama akaacha kumwamkia. Na hilo kwetu si jambo dogo. Unaweza kumnyima mtu chumvi, lakini shikamoo? Akikutana naye njiani alisema, "Habari za asubuhi," kama anaongea na mtu wa kusoma mita ya maji. Na Katibu, sijui ni mazoea au ni ukaidi, alijibu "Marahaba" kwa shikamoo ambayo hakupewa. Mwaka ukaisha. Wakamuaga kwa soda na saa ya ukutani. Aliondoka na mafao ya mshahara wa zamani, na ukuta wa nyumba aliyokuwa anajenga Buhare ukabaki pale ulipofika, juu kidogo ya madirisha. Matawi mengine nayo yalikataa, viongozi wakarudi mezani, na mpaka naandika haya bado wako mezani. Nadhani meza yenyewe imechoka.

Dawati la Katibu likabaki wazi. Wakamweka Mama hapo, "kwa muda", wakampa funguo za droo. Na ndani ya droo, muhuri. Mama ni wa mkono wa kushoto. Anapiga kwa nguvu, na anapiga upande. Ukiona barua Musoma ina muhuri uliolala kama mlevi, ujue imepita kwa Mama yangu.

Mwezi uliopita nilitumwa tena kwenye sanduku la shule. Niko kidato cha tatu sasa, shule nyingine, sanduku jingine, lakini walimu wote duniani wana wazo moja kuhusu mimi. Nikamkuta Katibu nje, mbele ya ule ukuta wa masanduku. Sikuwahi kumwona upande huu. Ameshika funguo mpya, anahangaika, anaigeuza juu chini.

"Shikamoo, Katibu. Daktari anajipasua leo?"

"Marahaba. Daktari amestaafu, Bhoke. Sasa ni mgonjwa." Amekodi sanduku. La kwake mwenyewe, safu ya chini. "Jana nimejitumia barua. Nimeitumbukiza pale nje, sikupita kaunta."

"Ndani kuna nini?"

"Haina ndani. Ni ile kura ya mama yako. Nimeandika anwani juu, nikabandika stempu. Haikuwa imeondoka. Matokeo hayabadiliki, hilo najua. Lakini hainipi usingizi."

Nikamsaidia kuzungusha funguo. Kamlango kakafunguka, na kutoka upande wa pili, mkono ukawa unakuja. Wa kushoto, una bangili ya shaba. Umeshika ile karatasi iliyokunjwa. Ina maana ilipita mezani kwake asubuhi ile, Mama akaitambua karatasi yake, na akaifanyia kazi.

Katibu akaishika kwa mwisho wake. Mkono wa ndani haukuachia. Wakabaki hivyo, karatasi katikati ya ukuta, huyu amevuta kidogo, yule amevuta kidogo.

"Shikamoo, Katibu," Mama akasema kutoka ndani.

Katibu akainama mpaka uso ukawa sawa na shimo. Akaiangalia karatasi, akaivutia kwenye mwanga, akaiangalia tena.

"Marahaba," akasema. "Muhuri umepinda."

"Umepinda," Mama akajibu. "Lakini imeondoka."

Akaiachia.